Kabla ya Kununua Jagi la Umeme, Yajue Maji Yako

Mwezi Novemba, mvua zilipokuwa zimeshika Kigoma kiasi kwamba hata mkaa wa sokoni ulikuwa umelowa na kuwaka kwa tabu, shangazi yangu alishuka kutoka Kasulu kuja kukaa nasi hapa Mwanga, Kigoma mjini, kwa ajili ya kliniki. Daktari alikuwa amempangia dawa za saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, ambazo alitakiwa kuzinywa akiwa ameshatia kitu cha moto tumboni, na yeye mwenyewe, kwa umri wake, hakuwa tayari kuoga maji ya bomba alfajiri. Kwa hiyo kila siku saa kumi na nusu alfajiri nilikuwa nimechuchumaa uani nikipepea jiko, moshi ukinijaa machoni, ili ifikapo saa kumi na mbili kuwe na uji, chai na ndoo ya maji ya kuogea. Baada ya wiki mbili za namna hiyo nilikubali kwamba nyumba yetu inahitaji jagi la umeme la kuchemshia maji, chombo ambacho kwa miaka mingi nilikuwa nimekihesabu kuwa anasa ya watu wa ofisini.

Jagi la kwanza nililinunua kwa macho. Nilikwenda kwenye maduka ya vyombo nikiwa na shilingi 20,000 mkononi, nikachagua lile lililometa kuliko mengine, jekundu, lenye mpini wa rangi ya fedha na taa ya buluu inayowaka wakati maji yanapochemka, nikalipa shilingi 18,000 na kuondoka bila kuuliza swali lolote zaidi ya kama lina waranti. Kwa miezi mitatu lilinifaa sana, na lilinirudishia karibu saa nzima ya usingizi kila alfajiri. Hata hivyo leo, nikiwa na jagi la pili, na nikiwa nimeshasaidia kusafisha majagi ya majirani kadhaa, nina hakika kwamba nilianza mahali pasipo. Kuchagua jagi la bei nafuu hakuanzii dukani. Kunaanzia bombani, kwenye maji yatakayoingia ndani yake, na ukutani, kwenye soketi litakakochomekwa. Anayeyajua hayo mawili anaweza kununua jagi la shilingi 25,000 likamtumikia vizuri, na asiyeyajua ataliua hata la bei mara nne ya hiyo.

Jagi langu jekundu lilikufa asubuhi moja ya mwezi Machi. Nilikuwa nimelichomeka, nikaenda kuwaamsha watoto, nikajisahau kwenye sare zilizokuwa hazijapigwa pasi. Shangazi akaniita kutoka jikoni: "Mwanangu, hili jagi lako linaunguruma tu, halinyamazi." Nilikuta jiko zima limejaa mvuke, ukuta unachuruzika maji, na ndani ya jagi yamebaki maji ya vidole viwili. Swichi ambayo siku zote ilijirudisha yenyewe kwa mlio mdogo maji yakichemka, siku hiyo haikujirudisha. Jagi la wati 2,000 lisipojizima huendelea kuyageuza maji kuwa mvuke kwa kasi ya lita moja kwa karibu dakika ishirini, na maji yakishakwisha kinachobaki ni bamba la chuma linalopata moto bila kitu cha kuupokea. Nilichomoa plagi kwa mkono unaotetemeka, na nililipeleka kwa fundi siku hiyo hiyo.

Namshukuru fundi yule kwa subira yake, kwa sababu hakuniambia tu kwamba limekufa bali alinifungulia na kunionyesha. Chini ya mpini, nyuma ya swichi, kulikuwa na kisahani chembamba cha chuma kisichozidi upana wa sarafu, kilichotengenezwa kwa metali mbili zilizogandamizwa pamoja. Metali hizo hutanuka kwa viwango tofauti zinapopata joto, kwa hiyo kisahani kikifikia joto fulani hujipindua ghafla kutoka upande mmoja kwenda wa pili, kikasukuma kijiti, na kijiti kikakata umeme. Kinachokipasha joto kisahani hicho si maji yenyewe bali ni mvuke: kuna tundu karibu na mfuniko, na kutoka hapo njia inayoshuka ndani ya mpini hadi kwenye swichi. Wazo hilo la kuutumia mvuke kukata umeme liliingia kwenye jagi la kampuni ya Russell Hobbs huko Uingereza mwaka 1955, na majagi mengi yanayouzwa leo, ya bei kubwa na ya bei ndogo, bado yanafuata njia hiyo hiyo. Ndiyo maana jagi lililoachwa mfuniko wazi halijizimi: mvuke wote unatokea juu, na kisahani hakipati habari kwamba maji yamechemka. Chini ya kitako kuna kisahani kingine, ambacho kazi yake ni kukata umeme pale jagi linapochomekwa tupu au maji yanapokwisha kabisa. Hicho ni kinga ya mwisho, na haifai kukigeuza kuwa swichi ya kila siku.

Sasa, kwa nini mvuke haukufika? Fundi aliniinamishia jagi kwenye mwanga. Ndani, kuanzia chini hadi kwenye ukingo wa mfuniko, kulikuwa na ganda jeupe gumu, nene mahali pengine kama ganda la yai, ambalo nilikuwa nikiliona kila siku na kudhani ni rangi ya chuma kikizeeka. Ganda hilo lilikuwa limejijenga kwenye ukingo hadi mfuniko haukukaa sawasawa, na tundu la mvuke lilikuwa limebaki dogo kuliko njia ya sindano. "Dada," aliniambia, "ugonjwa wa jagi hili si umeme, ni maji."

Kwa sisi tunaoishi kando ya Ziwa Tanganyika jambo hili linastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu maji ya bomba hapa mjini hutoka ziwani, na maji ya ziwa hili hayafanani na maji ya mvua wala ya mito mingi. Yana ualkali, kiasi kwamba kipimo chake cha pH hukaribia 9, na yamebeba madini mengi yaliyoyeyuka, hasa magnesiamu, pamoja na kalsiamu. Sababu iko katika umbo la ziwa lenyewe. Mito mingi inaingia, ukiwemo Ruzizi unaoshuka kutoka Ziwa Kivu na chumvi zake, lakini mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia haitoki kwa mto huo bali hupanda hewani kwa jua, na mvuke unapopanda hauchukui madini. Yanabaki. Jambo hilo hilo ndilo linalotokea ndani ya jagi kila asubuhi, kwa dakika chache badala ya maelfu ya miaka, tena kwa kasi zaidi, kwa sababu joto linayafanya madini yaliyokuwa yameyeyuka yageuke kuwa kaboneti ngumu na kushika kwenye chuma chenye moto.

Ganda hilo si sumu. Shangazi alipoliona aliogopa kwamba amekuwa akinywa kitu kibaya pamoja na dawa zake, na ilibidi nimhakikishie kwamba ni madini yale yale yaliyomo katika kila kikombe cha maji anayokunywa, ila yamekusanyika mahali pamoja. Ubaya wake ni kwa chombo. Linazuia joto lisipite vizuri kutoka kwenye bamba kwenda kwenye maji, kwa hiyo bamba linapata moto kupita kiasi, kisahani cha chini kinakata kabla ya wakati, maji yanachukua muda mrefu kuchemka, na kisahani cha juu, kama kwangu, kinaweza kukosa mvuke kabisa. Hata chai ya rangi inaonyesha dalili za maji haya: hukoza weusi haraka, na juu yake hutanda utando mwembamba unaong'aa, ambao ukikamulia tone la ndimu unapotea na chai inabadilika kuwa nyekundu angavu. Nimekunywa chai hiyo tangu utotoni bila kujiuliza kwa nini ndimu inaibadilisha rangi.

Dawa ya ganda ni hiyo hiyo ndimu, au siki. Mimi hufanya hivi kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumapili: natia siki kikombe kimoja na maji vikombe viwili, kiasi cha kufunika chini na kupanda kidogo, nachemsha mara moja, nazima, naacha kwa saa moja. Utaona viputo vidogo vikipanda kutoka kwenye ganda. Hiyo ni asidi ikiivunja kaboneti na kuifanya itoe gesi. Baada ya hapo namwaga, nasuuza, nachemsha maji matupu mara moja na kuyamwaga ili harufu ya siki iondoke. Kama siki haipo, maji ya ndimu tatu au nne yanafanya kazi ile ile, ila taratibu zaidi. Kwenye ukingo wa mfuniko na kwenye tundu la mvuke napitisha mswaki wa zamani uliochovywa kwenye siki. Sitii kisu wala sufi ya chuma ya kusugulia, kwa sababu mikwaruzo humpa adui mahali papya pa kushika. La muhimu kuliko yote hayo ni la kila siku na halina gharama: usiache maji yalale ndani ya jagi. Maji yaliyobaki yamwagwe kwenye ndoo, jagi libaki wazi likauke. Tangu nianze desturi hiyo ganda linapatikana kama vumbi jembamba tu, na siki inalimaliza bila shida.

Kuhusu umeme, nianze na jambo ambalo wengi hapa bado wanalikumbuka. Hadi mwaka 2022 mji wetu uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli, na ni mwezi Oktoba mwaka huo ndipo mkoa ulipoingizwa kwenye gridi ya taifa na majenereta kuzimwa. Mtu aliyekulia katika umeme wa mgawo hajifunzi kuuamini umeme kwa siku moja, na nadhani ndiyo sababu majagi yalichelewa kuingia katika nyumba nyingi za hapa. Umeme wa gridi umekuwa bora, lakini bado katika mitaa iliyo mbali na transfoma nguvu yake hushuka jioni, watu wote wanapowasha taa, televisheni na pasi. Fundi alinipimia soketi yangu saa mbili usiku akapata volti 190, wakati jagi limeandikwa volti 220 hadi 240. Kwa kuwa joto linalotolewa na koili hufuata mraba wa volti, jagi la wati 2,000 kwenye volti 190 halitoi wati 2,000. Linatoa kama 1,370 tu. Lita moja iliyokuwa ikichemka kwa karibu dakika tatu asubuhi inachukua zaidi ya dakika nne usiku. Jagi si bovu, na hakuna haja ya kulirudisha dukani kwa ugomvi, kama nilivyokaribia kufanya.

Hatari iliyo kubwa kuliko volti ndogo ni waya mdogo. Jagi la wati 2,000 huvuta karibu ampea 9, na likichomekwa kwenye ekstensheni moja na pasi ya wati 1,200 vyote viwili vinavuta karibu ampea 14, wakati plagi na soketi zetu za pini tatu zimekusudiwa ampea 13. Ekstensheni nyingi za bei ndogo zina nyaya nyembamba kuliko zinavyoonekana kwa nje, kwa sababu unene ni wa plastiki na si wa shaba. Ishike ekstensheni yako baada ya jagi kuchemsha mara mbili mfululizo. Ikiwa ina joto, au ukisikia harufu ya plastiki, iache isitumike tena kwa jagi. Jagi lichomekwe ukutani moja kwa moja. Na kama limekuja na plagi ya pini mbili likiwa na mwili wa chuma, mimi silinunui, kwa sababu pini ya tatu ndiyo inayopeleka umeme uliovuja ardhini badala ya kwenye mkono wa anayelishika, na jagi ni chombo kinachoshikwa kwa mikono yenye maji kila siku.

Nikifika kwenye LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, nafika mahali penye maneno mengi. Katika nyumba yetu tuko wapangaji wanne na mita moja, na siku niliyoleta jagi nilianza kusikia minong'ono. Tokeni zikiisha kabla ya siku iliyotarajiwa, macho yote yalikuwa yakielekea mlangoni kwangu. Sikukasirika, kwa sababu hata mimi sikujua ukweli. Nilichukua daftari nikaupiga hesabu, na baadaye nikaomba tukae uani na mama mwenye nyumba, nikawasomea.

Hesabu ni hii. Kigoma mjini tuko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 97 na kitu, si 100. Kuipeleka lita moja kutoka nyuzi 25 hadi hapo kunahitaji, pamoja na joto linalopotea, takriban sehemu moja ya kumi ya uniti. Maana yake uniti moja inachemsha karibu lita kumi. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja wa kundi la T1, la watumiaji wa kawaida, hulipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ambayo ikijumlishwa kodi ya ongezeko la thamani na makato mengine inafika shilingi 356. Mteja wa kundi la D1, la watumiaji wadogo wa nyumbani, hulipa shilingi 100 kabla ya kodi kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, na 350 kwa zinazozidi. Nyumba yetu, yenye watu wengi, iko kwenye T1. Kwa hiyo lita moja ya maji ya moto inanigharimu kama shilingi 36. Mimi na shangazi na watoto tulikuwa tunachemsha lita tano kwa siku, yaani nusu uniti, yaani uniti 15 kwa mwezi, yaani shilingi 5,340. Niliahidi kutoa kiasi hicho juu ya mchango wangu wa kawaida, na nikakitoa. Mama mwenye nyumba alisema, "Basi kumbe ni la kuhesabika," na minong'ono ikaisha. Wapangaji wenzangu wawili wana majagi yao leo, nao wanachangia vivyo hivyo.

Katika hesabu ile kulikuwa na mambo mawili yaliyonishangaza. La kwanza ni kwamba jagi la wati chache halipunguzi uniti. Wengi wetu tunadhani la wati 1,000 linakula nusu ya la wati 2,000, lakini maji yanahitaji joto lile lile. La wati chache linatumia tu muda mara mbili, na kwa kuwa muda mrefu unapoteza joto zaidi hewani, linaweza hata kula zaidi kidogo. Wati chache zina faida nyingine, nayo ni kuzihurumia nyaya za nyumba kuukuu. Kwa nyumba ya aina hiyo ningependekeza la wati 1,500 na si zaidi. La pili ni kiasi cha maji. Mtu anayejaza jagi la lita 1.8 ili apate kikombe kimoja cha chai anatumia umeme mara saba ya aliohitaji, na anayeliacha jagi bovu lichemke dakika kumi baada ya kuchemka anatupa theluthi moja ya uniti, ambayo ingechemsha lita tatu nyingine. Uniti zinapotea kwenye maji ya ziada na kwenye swichi isiyokata. Wati zilizoandikwa chini ya kitako hazina lawama.

Baada ya kuyajua hayo nilirudi dukani, na safari hii nilitumia nusu saa. Nilitaka mdomo mpana unaoweza kupitisha mkono wangu wote, kwa sababu jagi nisiloweza kulisafisha kwa maji ya hapa lina umri wa miezi. Nilitaka bamba tambarare chini, si koili iliyo wazi ndani ya maji, kwani koili huvikwa ganda pande zote na hakuna mswaki unaoizunguka. Nilitaka mwili wa tabaka mbili, chuma kisichoshika kutu ndani na plastiki nje, ili mtoto akiligusa asiungue. Nilitaka kichujio kwenye mdomo wa kumiminia, kizuie vipande vya ganda visiingie kwenye chai. Nilitazama alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na plagi ya pini tatu, na waya ulio mnene mkononi. Kisha nilimwomba muuzaji, kwa heshima, alijaribishe kwa maji badala ya kuwasha taa tu. Alisita, kwa sababu jagi likishalowa mteja mwingine anaweza kulikataa. Nilimwahidi kwamba likikata sawasawa nalinunua pale pale. Tuliweka maji ya nusu lita, tukafunika, tukasubiri. Yalipochemka kwa nguvu swichi ilikaa kama sekunde kumi na tano ikajirudisha. Nililipa shilingi 28,000, pasipo taa ya buluu.

Jagi jipya lolote la bei nafuu lina harufu ya kiwandani. Chemsha maji yaliyojaa na kuyamwaga mara tatu kabla ya kunywa, na kama baada ya hapo harufu ya plastiki bado ipo kwenye maji, lirudishe. Kuhusu vitu vingine vinavyochemshwa humo, jibu langu ni fupi: maji peke yake. Maziwa yanafurika na kuungua kwenye bamba, majani na tangawizi vinaziba kichujio, na mayai, ambayo vijana wa vyumba vya kupanga wanayapenda sana kuyachemshia humo, yakipasuka yanaacha utando ambao hata siki haiuondoi.

Mwenzi wa kweli wa jagi ni chupa ya chai. Nikiamka nachemsha mara moja kiasi cha chupa, nakimimina humo, na maji hayo yanafaa kwa dawa ya shangazi, kwa chai ya watoto na kwa kukorogea uji, bila kuwasha tena. Kabla ya kumimina nasuuza chupa kwa maji ya moto kidogo, maana chupa baridi hunyonya joto la kwanza. Kwa maji ya kuogea huchemsha lita moja na nusu na kuzichanganya kwenye ndoo, zinatosha.

Kwa maji ya kunywa nina msimamo mkali zaidi, na sababu yake iko katika historia ya karibu ya mkoa huu. Mwezi Mei 2015, maelfu ya watu waliokimbia Burundi walipojazana Kagunga, kijiji cha ufukweni karibu na mpaka, huku meli ya MV Liemba ikiwahamisha kidogo kidogo kuwaleta Kigoma, kipindupindu kilizuka na watu wakapoteza maisha. Ziwa lenye maji angavu kiasi cha kuona mawe ya chini halikuwakinga. Tangu hapo sinywi maji yasiyochemshwa, na wageni wangu nao hawayanywi. Watu huuliza kama zile sekunde chache za kuchemka za jagi zinatosha, kwa kuwa bibi zetu walituambia tuyaache maji yatokote muda mrefu. Zinatosha. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba maji yafikie kuchemka kwa nguvu, na vijidudu vya kipindupindu vinakuwa vimekufa hata kabla ya hapo. Nyuzi 97 za Kigoma hazina upungufu. Linalobaki ni usafi wa baada ya kuchemsha: ndoo yenye mfuniko na bomba lake, iliyooshwa, ambayo hakuna anayechovya kikombe ndani.

Shangazi alimaliza kliniki mwezi Aprili na kurudi Kasulu, na kabla hajamaliza wiki alinipigia simu kunitaka nimtumie jagi kama la kwangu. Nilimuuliza kwanza kuhusu soketi yake: ina pini ngapi, imefungwa na nani, na kama waya wa ethi umefika ardhini. "Mwanangu," akasema, "mimi nataka jagi, wewe unaniuliza ukuta." Nilimbembeleza amwite fundi. Fundi alikwenda siku ya Jumamosi, akafungua soketi, akakuta tundu la tatu halijaunganishwa na kitu chochote. Lilikuwa limekaa hivyo tangu nyumba ilipoingizwa umeme, na kwa miaka yote hiyo redio na taa hazikuwa zimelidai. Ilibidi apige fimbo ya shaba ardhini nyuma ya nyumba na kuvuta waya mpya hadi ndani. Jagi lilikuwa kwangu wakati wote huo, ndani ya boksi lake, limeshajaribishwa na kusuuzwa. Fundi aliponipigia kuniambia amemaliza na amepima, nililichukua asubuhi iliyofuata nikalipeleka stendi, nikalikabidhi kwa kondakta wa basi la Kasulu.